Shujaa Aliyekufa Kabla ya Rangi Kukauka

Jumamosi mchana, kila mtu akishamaliza kufua, tulikuwa tunakutana kwa nyumba ya rafiki yetu mwalimu, Kahawa Wendani, kucheza mchezo wetu wa dadu, ambao kila mchezaji anaigiza mhusika ndani ya hadithi. Mwalimu, mtu wa Kakamega mwenye sauti ya kwaya, ndiye alikuwa msimulizi. Anatuambia tumefika kwenye mlango wa pango, sisi tunasema tutafanya nini, halafu dadu inaamua kama tumefaulu.

Wachezaji tulikuwa watatu. Ndani ya hadithi, mimi nilikuwa mpiga zeze mwoga. Mwanafunzi wa chuo aliyekaa hosteli ya karibu alikuwa mwizi mwenye masikio marefu. Wa tatu alikuwa fundi wa nguo kutoka Ruiru, mama mwenye mwili mdogo, anayeongea polepole. Yeye alikuwa shujaa wa kike mrefu kama mlango, shoka begani.

Kwa kuwa mimi ndiye najua kuchora, waliniomba nituchore sote pamoja, vile familia hupigwa picha Krismasi. Mwanafunzi alitaka misuli. Mwalimu, ambaye hakuwa na mhusika wake, aliomba nyuma yetu kuwe na joka lenye masharubu kama yake. Fundi aliomba kitu kimoja tu: koti la shujaa wake liwe na mifuko, kwa sababu mwanamke anayeenda vitani lazima awe na mahali pa kuweka vitu.

Nilichora wiki nzima kwenye meza ya mama, Makongeni. Mama alipita na sufuria, akauliza mimi ni yupi, nikamwonyesha. Akasema nimekonda.

Jumamosi nikaipeleka. Nywele za shujaa nilizirekebisha nilipofika, rangi ya maji ikawa bado mbichi, kwa hivyo tukaiweka dirishani ikauke huku tukicheza.

Siku hiyo tulikuwa tunakimbizwa na jeshi, na mbele yetu kulikuwa na daraja la kamba. Shujaa akasema tuvuke, yeye atabaki kuwazuia. Fundi akarusha dadu, ikaanguka vibaya. Akarusha tena, vibaya zaidi. Mwalimu aliangalia makaratasi yake kwa muda, kisha akatuambia kwa sauti ya chini kwamba daraja limekatika, na shujaa ameenda nalo.

Fundi aliinuka, akasema anaenda kupika chai.

Mwanafunzi akamnong'oneza mwalimu amruhusu fundi arushe mara nyingine. Mwalimu alikuwa tayari kabisa, maskini, alionekana kama mtu aliyegonga kuku wa jirani. Lakini jikoni kulisikika kila kitu.

"Wacheni," fundi akasema kutoka huko. "Ni mimi niliamua kubaki pale."

Alipoleta chai alikuwa ametulia. Alitueleza kwamba wiki nzima watu humwambia apunguze hapa, aongeze pale, na yeye hupunguza na kuongeza. Jumamosi peke yake ndiyo watu walikuwa wanajificha nyuma yake. Alisema atahuzunika mpaka kama Jumatano hivi, kisha atakuwa sawa.

Nikamuuliza kama nimfute shujaa nichore mhusika wake mpya.

"Usimtoe," akasema. "Huyo mwingine mtafutie nafasi hapo mbele. Ni cucu, bibi kizee anayeuza dawa za miti, na ni mkali."

Nikamchora papo hapo, ameketi miguuni pa shujaa, karatasi ikijikunja kwa maji. Mwalimu akasema sasa tuko watatu lakini picha ina watu wanne. Fundi akamjibu kwamba yeye yuko mara mbili, na akaibeba picha akaitundika juu ya cherehani yake Ruiru. Wateja wakiuliza hao ni akina nani, anawaambia ni watu wake.

Jumamosi iliyofuata cucu alimtukana mfalme wa kwanza tuliyekutana naye, tukafungwa sote.