Wimbi Lililonikuta Darajani

Sisi tuliokulia Bungu enzi zile hatukuwa na bembea za kununua. Tulikuwa na daraja. Lilikuwa la mbao zilizoning'inia kwenye nyaya, likivuka mto uliotutenganisha na shule, na watundu wetu walijua kuliamsha. Ukiruka mwanzoni mwake, mbao zinanyanyuka na wimbi linakimbia hadi ng'ambo. Mama alikuwa akisema, "Darajani hapachezewi, ule mto haurudishi mtu." Tulimwitikia vizuri, kisha tukaenda kucheza.

Jioni moja ya masika nilikuwa katikati, nimejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe, maji mekundu yakinguruma chini yangu. Nyuma, kaka yangu Zakaria na wenzake wakaanza kuruka. Wimbi la kwanza lilinitikisa magoti, nikacheka. Wakaongeza kidogo tu, lakini lililofuata lilinirusha hadi miguu ikaacha mbao.

"Zakaria, acheni!" Alikuwa Mwalimu Eliza, wa sayansi, ametokea ukingoni kanga imelowa. Wakaacha, ila daraja halikuacha. "Tupa mzigo, mwanangu! Lala chini!" Nami, amini usiamini, nikaukumbatia mzigo. Ng'ombe angelala njaa, na mama nilimwogopa kuliko mto. Mguu mmoja ukazama katikati ya mbao. Hapo ndipo nikayaachia majani, nikang'ang'ania waya nikilia, mpaka daraja likatulia.

Kesho yake, baada ya shikamoo, Mwalimu alifunga kamba ya mbuzi kwenye dirisha la darasa, akamwita Zakaria aitikise.

"Kimo cha wimbi kikiwa mara mbili," akasema, "nishati yake haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne. Kikiwa mara tatu, inakuwa mara tisa. Wewe uliona umeongeza kidogo. Mdogo wako alipokea kiasi gani?"

Zakaria aliitazama kamba, machozi yakimlengalenga.

Siku hizi daraja ni la zege, na wajukuu zetu wanasoma mawimbi kwenye simu, kidole kikisukuma mchoro huku mdomo ukitafuna chipsi. Alama zao zinatushinda kwa mbali. Ila wimbi lenyewe halijawahi kuwapanda kutoka nyayoni, na sijui kama niwaonee huruma au wivu.

Zakaria ana mvi sasa. Tukifika pale pamoja, juu ya zege lisilotikisika, bado ananiambia, "Tangulia, mdogo wangu," kisha anasimama ukingoni, hakanyagi, mpaka nimefika ng'ambo.