Dari la Mama wa Safari

Hinda Abdow alikuwa akiwamiminia wateja maziwa ya ngamia pale kibandani pake Waberi, mjini Garissa, mwanamume mrefu alipofika na gunia kwapani. Alikuwa Komora, katekista wa kanisa dogo lililo kando ya Mto Tana, kusini kidogo ya mji. Mpokomo huyu na Hinda walijuana kwa kusalimiana tu. Akangoja mpaka wateja wakaondoka, kisha akalifungua gunia juu ya benchi.

"Mama Hinda, naomba uangalie hiki uniambie kama bado yuko mtu anayeweza kukitengeneza."

Kilikuwa kipande cha mkeka mnene uliofumwa kwa nyuzi za magome, kimeoza pembeni na kunuka matope. Hinda alinawa mikono kwanza, ndipo akakishika. Katikati ulipita mstari mweusi uliokatikakatika, mfano wa nyayo za ngamia anayetembea taratibu. Akaupitisha kidole mara mbili.

"Hii mkeka ni ya mama yangu," akasema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," Komora akajibu. "Mingine yote imeanguka."

Hinda hakuwa mgeni wa habari za mikeka ile, ingawa tangu utotoni hakuwa ameingia tena kanisani humo. Ukame wa miaka ya sabini ndio uliowafikisha. Ngamia walikufa mmoja baada ya mwingine huko upande wa Wajir, na Saado, mama yake, akawachukua wanawe kwa miguu hadi mtoni. Hapo palikuwa na padre mgeni ambaye wafugaji walimwita Garweyne, yaani mwenye ndevu kubwa. Alikuwa amejenga nyumba ya mawe na kuiezeka mabati, na nje akaweka masufuria ya uji. Siku za kazi nyumba ile ilikuwa ya wagonjwa na watoto waliodhoofika. Jumapili Wakristo wachache wa mtoni wakisali humo. Lakini jua lilipopanda, ndani hapakukalika. Watoto walilia mpaka sauti zikawakauka.

Saado hakuwa mtu wa kunyamaza. Alimwambia Garweyne, kupitia mkalimani, kwamba nyumba yake ni kubwa kuliko za wafugaji, lakini katika nyumba za wafugaji mtu huweza kulala mchana. Padre akamuuliza siri ni nini. Saado akamwonyesha mikeka aliyokuja nayo, ile inayofunika nyumba za kuhamahama, kisha akawakusanya wanawake wenzake wakaanza kufuma. Walipomaliza, mabati yote yalikuwa yamefunikwa kwa ndani, na watoto wakalala. Hakuna aliyewaambia wabatizwe, wala hawakubatizwa. Mvua ziliporudi, wengine waliifuata mifugo, na wengine, kama kina Saado, wakabaki mjini.

Kanisa nalo likapata jina. Walimu, wauguzi na maaskari waliopelekwa kazini Wajir na Mandera wakawa wanapita hapo kusali kabla ya kuendelea na barabara. Madereva wa malori ya Liboi wakafuata. Mchonga vinyago mmoja wa Wamunyu, ambaye mwanawe alirudi salama baada ya kupotea njia huko kaskazini, alileta sanamu ya Maria iliyochongwa kwa mti mwekundu: mama mwembamba mwenye shuka, mtoto amefungwa mgongoni, mkononi ameshika kamba. Kamba hiyo inaishia hewani. Ngamia anayevutwa kwayo hakuchongwa, kila mtu humwona kwa jinsi anavyomjua. Tangu hapo watu wakamwita Mama wa Safari, na kila Agosti mahujaji wakawa wanakuja, wengine kwa mabasi kutoka Mwingi na Hola, na wote wakishuka darajani ili waumalizie mwendo kwa miguu. Ikaja miaka ya hofu ya mashambulizi, hija ikakoma, Komora akawa anafagia kanisa lisilo na watu. Watu walipoanza kurudi, Tana ikafurika ikaingia ndani hadi madirishani.

Siku ya pili Hinda alifunga kibanda akaenda kujionea. Ndani, matope yalikuwa yamekauka yakapasuka kama ngozi ya zamani. Juu mabati yalikuwa uchi, na vipande vichache vya mikeka vilining'inia kwenye misumari. Alisimama chini yake akaona, katika kila kipande, nyayo zilezile nyeusi. Padre wa sasa, kijana wa Kitui aitwaye Kyalo, alikuja akamsalimia kwa heshima.

"Mama, tunashukuru umekuja. Ila kamati imeshaamua. Tutaweka jipsamu, zile bodi nyeupe za dari. Inafungwa upesi, na Agosti iko karibu."

"Kamati ilishakaa humu ndani saa nane mchana?" Hinda akauliza.

Padre akapangusa shingo.

"Mimi naomba sehemu ya juu ya altare tu," Hinda akasema. "Pahali ingine wekeni mnachotaka. Agosti ikifika sijamaliza, nitatoa yangu mwenyewe."

Kyalo alimtazama Komora, Komora akatazama juu. Wakakubaliana hivyo.

Nyumbani haikuwa rahisi. Kaka yake, Abdijabar, mfanyabiashara wa mifugo anayejulikana soko zima, alifika kabla hata ya chai kuchemka.

"Walaal, ni kweli ninayoyasikia? Dada yangu anajenga kanisa?"

"Anafuma mikeka. Mama yetu alifuma palepale, na wewe ulilala chini yake."

"Mama alikuwa na njaa, Hinda. Wewe una njaa gani?"

Hinda akageuka kuchochea moto, na Abdijabar akaondoka bila kunywa chai. Kwa majuma kadhaa hakukanyaga tena pale.

Hinda akajitanda vizuri akaenda kwa sheikh wa mtaani, mzee aliyewafundisha wanawe Qurani. Alimweleza yote bila kupunguza.

"Ungeniuliza kama mimi ningefanya, ningekuambia nisingefanya," sheikh akasema.

"Sikuja kuomba ruhusa, sheikh. Nimekuja ulisikie kwangu kabla hujalisikia sokoni."

Mzee akachezea tasbihi. "Mama yako alifuma kwa nia gani?"

"Wanawe walipewa chakula pale. Mimi nikiwa mmoja wao."

"Basi kaa katika nia hiyo. Usiiongezee nyingine."

Kilichobaki ni magome. Mjini hapakuwa na mtu anayeuza. Nyumba zote sasa ni mabati na mawe, na mikeka ya plastiki hupatikana kila duka. Hinda akapanda pikapu kwenda upande wa Wajir kwa binamu yake Yurub, ambaye bado aliishi na ngamia. Yurub alisikiliza, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Fungua mdomo nikuone! Magome hutafunwa, Hinda. Na wewe utayatafuna kwa nini, kwa ufizi?"

"Nitayatwanga kwa kinu."

"Kinu!" Yurub akasema. Lakini alimpeleka kwenye migunga wanayoijua wao, akamwonyesha namna ya kuchuna gome upande mmoja tu ili mti usife. Walijaza marobota. Njiani kurudi, kwenye kizuizi, askari mmoja akaamuru yafunguliwe yote.

"Hii ni nini?"

"Ni dari ya kanisa."

Askari akamkazia macho mwanamke wa Kisomali mwenye mtandio mrefu, akadhani anachezewa. Robota baada ya robota likafunguliwa barabarani. Walipomaliza kupekua, Hinda aliinama akayafunga tena mwenyewe, dereva akipiga honi na abiria wenzake wakinung'unika kwa hasira.

Akaanza kazi nyuma ya kibanda, pamoja na jirani yake Idman na wanawake wengine wa mtaa waliokuja kwanza kwa kutaka kuona. Idman aliuza chai asubuhi na kutwanga magome alasiri. Mikono ya Hinda ilikumbuka yaliyokuwa yamesahauliwa na kichwa: jinsi ya kusokota uzi juu ya paja, kuuacha upande mmoja utoke manyoya ili ukamate hewa, kuingiza uzi uliotiwa rangi nyeusi pale unapotaka unyayo. Mkeka wa kwanza ulipokamilika waliupeleka kanisani kwa mkokoteni wa punda. Mafundi wakaupandisha, wakaupigilia misumari, wakashuka ngazi.

Ukachanika katikati. Ulianguka wote juu ya altare kwa kishindo, vumbi likatanda.

Mafundi walitazamana. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwa upole kwamba jipsamu ilikuwa imeshafika, iko stoo. Hinda alipiga magoti akashika pale ulipochanikia. Nyuzi zilikuwa zimekatika fupifupi, kama nywele zilizoungua. Kinu kilikuwa kimezivunja kwa ndani. Aliuviringisha mkeka, akaukalia, na kwa mara ya kwanza akaona uzito wa umri wake. Swali la Abdijabar likamrudia: una njaa gani?

Akainuka. "Komora, nisaidie kuupakia," akasema. "Naanza upya."

Alimpigia simu Yurub. Hakuficha kitu. Akatarajia kicheko. Badala yake Yurub akauliza kama Garissa kuna mahali pa kulala. Alifika juma lilelile na magome mabichi, na akawakalisha wanawake wa Waberi chini kwa mstari.

"Mwenye meno atafune," akatangaza. "Asiye nayo asokote."

Magome ni machungu. Idman alitema, akaapa, akanywa chai yenye sukari nyingi, akarudi kutafuna. Midomo ya wote ikawa myekundu, na vicheko vilisikika hadi barabarani. Wengine walisema wamechoka wakaenda zao, na baadhi yao wakarudi kesho yake. Hinda alisokota hadi paja likachubuka, akalifunga kitambaa, akaendelea kwa paja la pili.

Ni katika siku hizo Abdijabar alipotokea. Alisimama mbali kidogo, fimbo mkononi, akiwatazama.

"Uliniuliza nina njaa gani," Hinda akamwambia, bila kuacha kazi. "Sina njaa, walaal. Mama alifuma akiwa na njaa. Mimi nimeshiba, nikishindwa mimi, nitamwambia nini?"

Abdijabar hakusema amekubali, kwa sababu hakuwa amekubali. Lakini alikaa akanywa chai, na tangu siku hiyo akawa anakuja. Mambo ya kanisa hawakuyazungumza. Walizungumza bei ya ngamia, mvua, na wajukuu.

Mkeka wa pili ulipopandishwa, Hinda aliomba ngazi akapanda mwenyewe hadi katikati, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukutoka hata uzi. Ikafuata mingine, hadi sehemu yote ya juu ya altare ikafunikwa. Upande wa watu ulibaki mabati, kwa kuwa kamati iliona heri isubiri ione mikeka itakavyofaa kabla ya kufunga jipsamu.

Agosti mahujaji walivuka daraja wakiimba, wamevaa kofia za majani na viatu vilivyojaa vumbi. Hinda alikaa nje na Yurub, kwenye kivuli cha ukuta, kwani ndani haikuwa sala yao. Kupitia dirishani aliona jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Jua lilipopanda, watu waliokuwa chini ya mabati walianza kusogea mbele. Mabibi, wenye watoto, halafu karibu kila mtu. Mwishowe walikuwa wamesongamana miguuni pa Mama wa Safari, chini ya mikeka, na nyuma viti vikabaki vitupu. Padre Kyalo alikosa hata pa kusimama. Mtoto mmoja mchanga alilala hapohapo kwenye ngazi ya altare, mikono imetandazwa, na mama yake akaacha kumpepea.

Ibada ilipokwisha, mwenyekiti wa kamati alitoka akamjia Hinda huku akijipangusa jasho.

"Mama, sehemu iliyobaki itakuchukua muda gani?"

"Muda mrefu," Hinda akasema. "Na miti lazima ipumzike kwanza, ipate gome jipya."

"Tutangoja."

Yurub akamgonga kwa kiwiko, akamwambia kwa Kisomali kwamba ajue migunga ya huko kwao haitoshi, itabidi wafike mbali zaidi, huenda hata upande wa Liboi, na njia hiyo ina vizuizi vingi kuliko ile ya kwanza.

"Nitafungua marobota na kuyafunga," Hinda akamjibu. "Wewe niambie tu pikapu ya Liboi huondokea wapi."