Magunia Manane ya Nyamai

Pale Mukuyuni hakuna mtu aliyeelewa maji kama Nyamai, na kama hukuwa na habari, angekupa mwenyewe kabla chai yako haijapoa. Shule aliiachia darasa la sita, lakini mainjinia wangapi wana silanga iliyojaa? Silanga ya Nyamai, lile shimo pana alilochimba shambani kukinga maji ya mvua, ilijaa pomoni kwa manyunyu ya kwanza ya mwezi wa kumi, majirani wakiwa bado wanatazama mawingu. Walipomuuliza siri yake, alicheka tu akasema maji humtii anayeyajua.

Siri yenyewe ilikuwa chini ya barabara. Alikuwa ameziba kalavati ya soko, lile bomba la kupitishia maji, kwa magunia manane ya mchanga, maji ya mtaro yakageukia shambani kwake. Baada ya misimu mitatu ya ukame, nani angeacha maji yapite hivi hivi?

Mvua ya Novemba nayo ikaja ikasahau kuondoka. Silanga ikashiba, maji yakakosa njia, yakarudi sokoni na kuingia dukani kwa Ndila, mama mjane anayeshona yunifomu. Vitambaa vilielea, cherehani ikajaa matope. Kwenye mkutano Nyamai alisimama wa kwanza, akalaumu waliojenga kalavati nyembamba. Watu wakaitikia. Ndila hata alimshukuru, naye Nyamai akageuka kutazama pembeni.

Mzee Kisilu, mkuu wa kijiji, akaitisha mwethya, kazi ya pamoja ya kuzibua mtaro, Jumamosi asubuhi, kila mtu na jembe lake. Nyamai alipanga kufika mapema aingie mtaroni peke yake, ayatoe magunia kabla ya watu. Akafika mapema, akamkuta Ndila ameshaingia, maji magotini, watu wakiimba ukingoni.

Ndila akavuta gunia la kwanza. Akalipangusa matope kwa kiganja. Maandishi ya rangi ya buluu yakatokea, makubwa, kwa maana Nyamai huandika jina lake kwenye kila gunia ili ndengu zake zisichanganywe na za watu wa kawaida. Wimbo ukakatika.

“Baba Mbaluka,” Ndila akamwita Nyamai taratibu kwa jina la mwanawe, “njoo uchukue vitu vyako.”

  Nyamai akashuka na viatu vyake vya kanisani, akatoa yale saba yaliyobaki, na hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia. La mwisho lilipotoka, maji yakanguruma chini ya barabara, yakaenda zake mtoni.

“Kwa hivyo kalavati imepanuka?” Mzee Kisilu akamuuliza.

“Ilikuwa pana tangu zamani,” Nyamai akasema, macho kwenye matope. “Ni mimi niliyeiziba.”

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma. Ndila akaokota jembe lake akarudi dukani. Nyamai akamfuata kwa mbali, na hakuvuka kizingiti mpaka mama huyo alipomsukumia karai kwa mguu, bila kumwangalia, aanze kuzoa matope.