Jozi ya Nne

Tharcisse Ntambwe alikuwa na ugonjwa mmoja: usafi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, yeye mwenyewe akawa karani Kolwezi hadi kazi ilipokwisha, na uzeeni akaangukia kuwaongoza wageni katika njia ya vilimani, kandokando ya ziwa Nzilo. Kila Jumamosi alitangulia na gunia kuokota takataka, maana mgeni hasahau alichokanyaga.

Kwenye kona yenye mandhari nzuri kuliko zote, vijana walikuwa wametoboa shimo wakitafuta kobalti. Mchimbaji haingii chini na viatu. Huviacha mdomoni mwa shimo, ili walio juu wajue waliomo ni wangapi. Tharcisse aliijua desturi hiyo kama anavyojua sala. Jumamosi hiyo aliona jozi tatu zimepangwa, akazipita kwa heshima. Ila hatua kumi mbele, kwenye nyasi kavu mbali na tope, palikuwa na kandambili za bluu zilizoungwa kwa waya. Nani angezitaka hizo? Akazitia guniani.

Jumapili alirudi na wageni watano. Walilisifu ziwa mpaka walipofika konani. Shimo lilikuwa limeporomoka tangu jana mchana. Wafu watatu walikuwa wamefunikwa turubai, na Lukusa, mkubwa wa shimo, alikuwa akikusanya sepetu.

"Biatu paire tatu, bafu batatu. Tulimaliza, mama," alimwambia mwanamke aliyemng'ang'ania mkono.

"Na Dimitri, mutoto yangu? Alikuya huku na sandale ya bulu, mi mwenyewe niliifunga na waya!"

"Haiko hapa, Mama Kabedi. Pengine alienda Kasaji."

Tharcisse alilikumbuka gunia lake. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Aliwaacha wageni wake wamesimama, mzee wa miaka sitini na saba, akakimbia hadi kibandani mwanzo wa njia, akarudi na gunia akihema. Alizitoa zile kandambili, akaziweka kando ya zile jozi tatu.

"Mi njo niliitosha, mama," alisema, akikiri kuwa ndiye aliyeziondoa. "Nilizania ni buchafu."

Walichimba tena hadi jua likakaribia kuzama. Dimitri walimkuta ameketi, kichwa kimeegemea ukuta, vidole vimechubuka. Wale watatu walikuwa wamekakamaa tangu jana. Yeye mwili wake ulikuwa bado na joto.