Akina Mama 112 Waliohesabiwa Mara Mbili

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, na baridi ikabaki mtaani Hurlingham kutwa nzima.

Selpher Obuya aliishia kidato cha nne, akapiga chapa miaka mingi, na sasa ana miaka kumi na moja katika ofisi ya hapo inayokusanya ripoti za majaribio ya dawa na kuzipima kwa pamoja. Kule kila ripoti husomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake na fomu yake, kisha fomu hulinganishwa. Mwenzake Selpher ni Daktari Ndambuki, mwanamke mcheshi aliyemzidi vyeti, si umri.

Wiki ile walikuwa na ripoti tano kuhusu sindano ya kuzuia mapacha wasizaliwe kabla ya siku zao. Zikijumlishwa, sindano ilionekana kusaidia. Selpher alifurahi kimoyomoyo. Binti yake Veronicah alikuwa na mimba ya pacha ya miezi mitano, na daktari wake wa Kilimani alipanga kumwanzishia sindano hiyohiyo kesho yake.

Alipokuwa akipitia fomu mara ya mwisho, akaona. Ripoti ya pili na ya nne zilitoka katika majarida tofauti, waandishi tofauti, lakini akina mama walikuwa 112 huku na 112 kule. Mji uleule, miezi ileile, hata watatu waliojitoa kwa sababu ya kuhama. Jaribio moja lilikuwa limehesabiwa mara mbili.

Aliitaka mno ile sindano. Hata hivyo akainuka.

"Daktari, hebu angalia. Hawa mama ni walewale."

Ndambuki alisoma, akashika kichwa. "Ai, Mama Vero! Na digrii zangu zote nimepita hapa kama kipofu."

"Ulikuwa na haraka ya chai."

"Usinitetee!"

Waliondoa ripoti moja, wakapiga hesabu upya. Faida iliyobaki ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa bahati tu.

"Pole," Ndambuki akasema. "Najua uliitaka hii. Chukua nakala, mpelekee daktari wa Vero."

"Asante kwa kunisikiliza."

"Mimi ndiye wa kushukuru."

Jioni, nyumbani Woodley, Veronicah alimsikiliza mama yake, akaweka kijiko chini.

"Kwa hivyo haifanyi kazi?"

"Sijasema hivyo. Nimesema bado hakuna anayejua."

"Na umegundua wewe? Mathe, uko noma!" Akacheka kwa kujivunia mama yake, halafu akalia kidogo. "Asante kwa kutonificha."

Asubuhi iliyofuata Selpher aliomba ruhusa kazini, akaandamana naye Kilimani. Daktari alisoma ile karatasi mara mbili, akauliza maswali, akaiahirisha sindano na kumtaka Veronicah arudi kupimwa kila wiki. Selpher alimshukuru kwa mikono miwili. Kisha akapiga magoti, akamfunga bintiye kamba za viatu, maana tumbo lilimzuia kuinama.