Mke mwenzangu na kompyuta ya madrasa

Asalaam aleikum dada zangu, mu wazima? Mimi mwili mzima, moyo ndio una wivu.

Ile kompyuta kuukuu ya mkononi ninayochapia barua za madrasa, jana niliitia programu mpya kwa disketi.
Ikakataa kuwaka.
Nimeizima, nimeiwasha, nimeisomea mpaka Yasini.

Leo mume wetu akamleta mke mwenzangu kutoka kwake mtaa wa Mjambere.
Huyo mke mwenzangu akachomoa disketi niliyoisahau ndani. Ikawaka.

"Dada, ilikuwa yasoma hii disketi kwanza, ndiyo maana haiwaki," akanambia kwa upole.
Huo upole ndio ulioniuma.

Mume akacheka. "Basi ikae kwa mwenye kuijua."

Wallahi, niliifunga kwenye leso mwenyewe, nikampa.

Kesho barua za madrasa zitachapwa Mjambere.
Niende nikaiombe, au ninyamaze? Nijibuni upesi.