Folda Isiyopaswa Kusomwa kwa Sauti

Ofisini walimwita Kwangu-Inakubali. Mtu akimlalamikia kwamba programu imegoma, hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kwanza, na mara nyingi la mwisho. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, shati limenyooshwa pasi kali, na kiburi cha fundi ambaye hajawahi kukaguliwa vizuri.

Kazi yake ilikuwa kufungasha. Ofisi ilikuwa na chombo kinachokusanya maandishi ya wahandisi na kuyaunda kuwa programu kamili. Yeye alitakiwa kukifunga katika kifurushi kimoja chenye maelekezo, ili matawi yote arobaini yakisakinishe na kupata kitu kilekile, herufi kwa herufi. Usakinishaji ukiisha, kompyuta hutoa alama ya uhakiki, mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Alama zikilingana, vitu ni vilevile. Alama ya kompyuta yake ilikuwa imeshabandikwa ubaoni na sahihi ya Mkuu wa ofisi, na mama huyo alikuwa ametamka bila kupepesa macho: saa nane mchana kompyuta nyingine isipotoa alama hiyo, kazi inapewa kampuni ya nje.

Saa sita shemeji yake, mdogo wa mkewe, mkaguzi wa chumba hichohicho, alijaribu kusakinisha kwenye kompyuta yake. Alama hazikulingana.

"Kwangu inakubali," alisema fundi.

"Basi tukupakie wewe na meza yako, shemeji, tukuzungushe matawini."

Shemeji akaziweka sambamba nakala mbili zilizosakinishwa, akasaka tofauti. Ilikuwa moja tu: chombo kilijiandikia tumboni jina la folda kilimosakinishwa. Folda ya shemeji iliitwa "kazi". Ya fundi iliitwa "mkuu-hajui-kitu".

Shemeji akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Makubwa! Uliiita hivi lini?"

"Siku aliyoninyima likizo. Punguza sauti."

Jambo la haki fundi alilijua: aende kwa Mkuu akaseme chombo kina kasoro, aombe muda. Hakwenda. Akaongeza mstari juu ya maelekezo, kwamba kila anayesakinisha atengeneze kwanza folda yenye jina lilelile.

"Huko si kutengeneza," alisema shemeji. "Ni kufunika ufa kwa kalenda."

"Utasakinisha wewe. Mkuu ataangalia alama tu."

Saa nane Mkuu aliingia, akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta mpya. "Leo nasakinisha mwenyewe. Fundi, nisomee hatua."

"Hatua ya kwanza," alisema, akakohoa. "Tengeneza folda."

"Iitwe nini?"

"Mkuu..."

"Nakusikiliza."

"Ndilo jina lenyewe, Mkuu. Mkuu hajui kitu. Kuna vistari katikati."

Shemeji akageukia dirishani, mabega yakimtetema. Mkuu aliandika kwa kidole kimoja, bila kuruka kistari hata kimoja. Dakika kumi zikapita, feni ikizunguka. Alama ikatoka. Ikalingana.

"Sawasawa kabisa," alisema Mkuu. "Na matawi yote arobaini yataandika hivi?"

Angeweza kujibu ndiyo, akabaki na kazi yake. Alitazama ile sahihi ubaoni.

"Mkuu, haijalingana kwa haki. Jina likibadilika, alama inabadilika. Chombo kina kasoro. Nimeijua tangu saa sita, nikaificha."

"Na jina?"

"Jina ni utovu wangu wa adabu."

Mkuu akasimama, akaenda ubaoni, akaikata sahihi yake kwa mstari mmoja.

"Tusi litajibiwa kwa barua," alisema. "Ila kampuni ya nje ingenionyesha alama iliyolingana, ikaniaga bila kutaja kasoro. Nakupa siku kumi. Kila kompyuta na folda yake, kila folda na jina lake, alama iwe moja."

Barua ya onyo ilifika kabla ya saa kumi. Fundi aliitia sahihi akiwa amesimama, kisha akakaa, akakifungua chombo na kuanza kuusaka mstari wenye kasoro.